Mshipi Niliomchagulia Mwanyumba Wangu

Nilioa Chilangala, na kwa desturi ya huko juu mlimani mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Kwetu ni Masasi, upande wa Mkomaindo, ambako mjomba wangu alinilea na kunifundisha kusokota kamba. Nilijua kamba za gome la miombo za kufungia nyumba, ugwe wa mkonge wa porini wa kutegea kanga, na nyavu nene za kuzuilia nguruwe. Ukweni kazi hiyo ilinipa heshima. Mama mkwe hakunitazama usoni wala mimi sikumtazama, ndiyo adabu, lakini siku moja nilimsikia nyuma ya ua akiwaambia wenzake, "Mkwe wangu mikono yake huleta nyama." Maneno hayo yalinishibisha kwa miaka mitatu.

Ndipo mdogo wa mke wangu akaolewa. Mumewe alitoka Lukuledi, kijana mrefu, mwepesi wa kucheka. Wanaume waliooa ndugu wawili huitana wanyumba, basi tangu siku ile yeye alikuwa mwanyumba wangu na mimi nilikuwa mwanyumba wake. Nyumba yake ilijengwa hatua chache kutoka kwangu, na kamba zote za kufungia paa nilizisokota mimi. Hilo nilitaka lijulikane.

Kabla ya kuoa, mwanyumba alikuwa amemchukulia mizigo Mzungu mmoja aliyekuwa akipima nchi kando ya Ruvuma. Mzungu huyo alipenda kuvua. Alipopata homa wakambeba kwa machela mpaka Lindi, na kabla ya kupanda meli akampa mwanyumba fimbo yake ya kuvulia pamoja na barua ya kuthibitisha kwamba hakuiiba. Fimbo ilikuwa ya vipande vitatu vya kuchomekana. Chini yake, karibu na mkono, palikuwa na gurudumu la shaba lenye mkono mdogo wa kuzungushia. Mshipi, yaani uzi wa kuvulia, ulivingirishwa pale. Ukirusha, gurudumu lenyewe lazunguka kwa kasi na kuuachia mshipi uende mbali kuliko mkono wa mtu unavyoweza kutupa.

Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kulitazama gurudumu lile. Mwanyumba aliwaonyesha wote, hata wazee wasioona vizuri aliwashikisha wapapase. Mama mkwe alituma kibuyu cha togwa nyumbani kwake, na nyuma ya ua nikamsikia tena: "Huyu mkwe mdogo ameiona dunia." Nilikuwa nimekaa na mkonge mapajani. Nilisokota mpaka nyuzi zikanikata, na sikutambua.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mshipi wa yule Mzungu ulikuwa umeoza kwa unyevu, ukivutwa wakatika kama utando wa buibui. Basi jioni moja mwanyumba akaja kwangu.

"Hodi, mwanyumba."

"Karibu."

"Nina shida, na hapa fundi wa kamba ni wewe. Nataka kujifunza kurusha. Mzungu nilimwona tu akirusha, mimi mwenyewe sijawahi. Niweke mshipi gani?"

Akaliweka gurudumu mikononi mwangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulishika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na nilipolisukuma kwa kidole likazunguka peke yake, kimya, kwa muda mrefu. Nilitamani lisisimame, na nilitamani yeye asiwepo pale.

Jibu la swali lake nililijua papo hapo. Mtu aliyekesha miaka akivingirisha ugwe kwenye vijiti anajua kwamba uzi mwembamba unaoteleza, ukivutwa kwa nguvu, huzama kati ya mizunguko iliyo chini yake na kujibana hapo. Anajua pia kwamba mkonge ni mkavu, hauwezi kulala. Utaruka wenyewe kutoka kwenye gurudumu. Mtu anayejifunza anahitaji mshipi mnene kiasi, laini, unaokunywa maji ukatulia. Kitani ndicho kinachofaa, na kikilowa huzidi nguvu.

"Twende Masasi," nikamwambia. "Kwa Mhindi hatukosi kitu. Nitakuchagulia mwenyewe."

Tulitembea siku mbili. Njiani alinisimulia mambo ya safari zake na mimi nilimjibu "ehe" na "kumbe". Dukani, mwenye duka alitutolea aina tatu: uzi wa pamba wa kushonea magunia, kibunda cha kitani cha rangi ya majani makavu ambacho wavuvi wa Lindi hukitumia, na hariri nyeupe ya kutarizia majoho. Ile hariri iling'aa. Ukiipitisha kati ya vidole hukujua kama umeshika kitu.

Mwanyumba alikishika kitani kwanza. Alikipima, akakivuta, akaniangalia. "Hiki je?"

"Hicho ni cha nyavu," nikasema. "Kinene. Kitajaza gurudumu mara moja, hutafika mbali. Gurudumu la Kizungu linataka hariri. Tazama ilivyo nyembamba, utarusha mpaka ng'ambo ya mto."

"Una hakika?"

"Umenileta kwa nini?"

Akacheka. Akavua blanketi alilopewa na yule Mzungu, blanketi jekundu ambalo mkewe alilipenda sana, akalibadilisha kwa hariri. Alipotoka nje kuosha uso, mimi nikampa mwenye duka donge la nta nililokuja nalo, nikachukua kile kitani. Nilikificha chini kabisa ya mkoba wangu. Nilijiambia ni cha kutegea kanga. Kanga hawategwi kwa kitani.

Tuliporudi akaanza kujifunza kwenye shamba lililovunwa mtama, maana juu kule hakuna mto. Hata maji ya kunywa wanawake huyashukia bondeni. Alifunga chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana, akasimama katikati ya shamba akarusha. Gurudumu lilizunguka haraka kuliko chubwi lilivyokwenda. Hariri ikafumka, ikajikunja juu ya gurudumu ikawa kama kiota cha mnana. Chubwi likaanguka miguuni pake. Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

Akarusha tena, ikawa vile vile. Akajaribu kuzuia gurudumu kwa kidole gumba, hariri ikamchoma, akakitia kidole mdomoni. Nilikaa chini ya mbaazi nikitazama, na nasema kweli, tangu aje pale sikuwa nimepata siku tamu kama ile.

Utamu haukudumu. Kila kiota kilihitaji kufumuliwa, na hariri ni kitu cha kufumuliwa kwa vidole vyembamba. Mke wangu alikuwa na vidole hivyo. Alikuwa akisuka mikeka ya ukindu ambayo watu waliifuata kutoka Newala. Akamwonea huruma shemeji yake, akakaa naye kivulini na sindano ya kusukia, wakafumua fundo baada ya fundo, tangu asubuhi mpaka mchana. Nikitoka shamba nawakuta pale, vichwa vimeinamia gurudumu moja, mdogo mtu naye kaketi kando anapepeta, wote watatu wanacheka jambo ambalo mimi sikulisikia.

"Huna kazi nyumbani?" nilimwuliza mke wangu siku moja.

"Nyumba imefagiliwa, chakula kipo, maji yapo. Una nini, mume wangu?"

"Sina kitu."

Nilikuwa nimemchagulia mtu mshipi mbaya, na mshipi ule ukamchukua mke wangu ukamkalisha ubavuni mwake. Hakuna niliyeweza kumlaumu.

Na baya zaidi, akajifunza. Hariri ile ilimtesa mpaka kidole chake kikapata akili. Alikuja kujua namna ya kuligusa gurudumu tu, asilibane. Aliliachia wakati chubwi likiwa angani, akalizuia kabla chubwi halijatua. Mvua za kwanza zilipoanza alikuwa akirusha kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na wanakijiji walikuwa wakipiga vigelegele.

Kisha vita vikaja. Tulisikia kwanza habari za dawa ya maji kutoka magharibi, kwamba risasi za Mdachi zitageuka maji. Kisha tukasikia kwamba nyumba za misheni Masasi zimechomwa. Kisha askari wa Mdachi wakapita, na safari hii waliochomewa ni sisi. Nyumba ya mjomba wangu Mkomaindo iliungua pamoja na maghala yake, na yeye akafia porini alikokimbilia. Habari zake zilinifikia mwezi mzima baadaye.

Askari walipopanda Chilangala walituketisha wanaume wote uwanjani. Mkubwa wao alikuwa akitafuta vitu vilivyoporwa misheni.

"Nani hapa ana kitu cha Mzungu?"

Usiku uliotangulia nilikuwa nimemwona mwanyumba akifukia gurudumu kati ya matuta ya muhogo. Barua aliyopewa ilikuwa imeliwa na mchwa siku nyingi. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega na niliyasikia mapigo ya moyo wake. Neno moja tu lingetosha. Lilinijia mpaka kwenye meno, nikalimeza. Askari wakachukua mbuzi, wakatia moto maghala matatu, wakaondoka.

Baadaye nilijisifu moyoni kwa ukimya ule. Nilijiambia kwamba nimemlipa, kwamba ubaya wa hariri umefutika. Ndivyo mwenye wivu anavyojiamulia kesi yake.

Njaa iliyofuata siwezi kuieleza yote. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka ikaisha, tukachimba mizizi ambayo hata nguruwe huiacha. Mama mkwe, mwanamke aliyekuwa na kifua kama ngoma, alibaki mabega na macho. Ndipo mwanyumba akasema tushuke Ruvuma sote, tukae huko, tule samaki.

Mto ulikuwa mpana, mchanga mtupu, na maji ya kina yako mbali katikati. Watu wengi walikuwa wamekwisha kushuka na njaa ileile. Waliingia majini na vikapu na mikuki, na mamba waliwachukua. Hapo ndipo gurudumu lilipoonyesha maana yake. Mwanyumba alisimama juu ya mchanga mkavu, mbali na ukingo, akarusha chambo mpaka kwenye kina bila kulowesha unyayo. Siku ya kwanza alipata kambare wawili. Siku ya tatu tulikuwa na samaki wa kukausha.

Mama mkwe akanenepa kidogo kidogo. Mtoto wangu, msichana aliyekuwa ameacha kutembea kwa udhaifu, akasimama tena. Mwanyumba ndiye aliyemlisha mtoto wangu. Kila jioni aligawa samaki sawasawa, kichwa cha kwanza kwa mama mkwe, kisha nyumba yangu, kisha yake. Mimi nilitega mitego kwenye matete na nikarudi na panya. Nilikula samaki wake kwa shukrani mdomoni, na tumboni walikaa kama mawe.

Niliona hariri ikiharibika. Ilikuwa inalowa mchana na kubaki na unyevu usiku, haikuanikwa, na pale ilipopita kwenye tundu la ncha ya fimbo ilianza kutoa manyoya meupe. Jicho la fundi halikosi kuona vitu kama hivyo. Nilinyamaza. Nilitaka ikatike. Nilitaka apoteze samaki mmoja mkubwa mbele ya watu, basi, nipumue.

Yaliyotokea hayakuwa hayo. Samaki mkubwa alikula, tena mkubwa kuliko wote, na fimbo ikapinda mpaka mkono. Mwanyumba alimwachia mshipi, na samaki akakimbia. Ghafla gurudumu likasimama kama limepigwa msumari. Hariri ilikuwa imezama ndani ya mizunguko yake na kujibana, kama nilivyojua tangu siku ile ya kwanza kwamba itafanya. Mwanyumba akaukamata mshipi kwa mkono wa kulia ili aukwamue. Samaki akavuta tena. Uzi ule mwembamba ukajizungusha kwenye kidole gumba ukaingia kama kisu, ukafika mfupa, na hapo tu ndipo ulipokatika.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye mchanga akitazama mkono wake. Mke wangu ndiye aliyepiga kelele.

Mama mkwe alimfunga kwa majani na kitambaa. Kidonda kilivimba siku nyingi, akawa anatetemeka kwa homa, na sisi sote tukarudi kwenye panya wangu. Siku ya nne au ya tano aliniita.

"Mwanyumba, gurudumu litumie wewe. Watoto wasilale njaa. Nisokotee mshipi mwingine wowote unaoweza, hata wa gome, nitakufundisha kurusha."

Nilikwenda kibandani kwangu, nikatia mkono chini ya mkoba, nikakitoa kile kitani. Mke wangu alikuwa akimpa mtoto maji. Akakiona.

"Hicho kimetoka wapi?"

"Masasi."

"Lini?"

Alikuwa mtu wa kufumua mafundo. Hilo nalo alilifumua pale pale. Aliweka kata chini.

"Kilikuwa dukani siku mliyonunua hariri," akasema. "Ulikuwa nacho miezi yote hii."

"Ndiyo."

"Nilifumua uzi ule mpaka nikaona giza. Ulikuwa unanitazama."

"Ndiyo."

"Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi."

Nilimwomba anipe siku moja. Nilivingirisha kitani kwenye gurudumu, nikakilowesha, nikaenda ukingoni. Mwanyumba akaja na mkono wake umefungwa shingoni, akasimama nyuma yangu akanifundisha. Hakunificha kitu. "Usilibane, liguse kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Usitumie nguvu, fimbo ndiyo yenye nguvu. Tazama chubwi, usitazame mkono." Mara ya tatu tu chubwi langu lilitua kwenye kina. Kitani kililala vizuri, hakikufanya kiota hata kimoja. Yeye ilimchukua msimu mzima.

Alikipapasa kile kitani kwa mkono wa kushoto. "Huu ni mshipi mzuri sana," akasema. "Umeupata wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimeshika fimbo yake, macho yangu yakiwa majini, yote, tangu kibuyu cha togwa mpaka manyoya meupe ya hariri. Nilipomaliza samaki alikuwa anagonga chambo na hakuna kati yetu aliyeshughulika.

"Kwa nini?" akauliza.

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nilikuwa mgeni. Kila mtu pale alikuwa wako."

Akaendelea, sauti ikiwa ya kawaida kabisa. "Nilikuuliza wewe kwa sababu ulikuwa unajua. Asiyejua angeniambia hajui, ningejaribu hiki na kile mpaka nikapata." Kisha akaonyesha maji. "Vuta. Amekula."

Nikavuta. Alikuwa kambare wa wastani. Jioni alimgawa kama kawaida, kichwa kwa mama mkwe, kisha nyumba yangu, kisha yake. Lakini tangu siku ile hakuniita mwanyumba tena. Aliniita "bwana", kama mtu unayekutana naye njiani.

Niliwavulia wote mpaka mvua. Sikuwahi kufurahia hata siku moja, ingawa kitu nilichokuwa nakitamani kilikuwa mkononi mwangu mchana kutwa. Kidole chake kilipona kikiwa kigumu kama kijiti, hakikuweza tena kukunjika.

Tulipopanda tena Chilangala kulima, yeye hakukaa. Alifungasha, fimbo yake na gurudumu vikiwemo, akamchukua mkewe wakahamia Lukuledi kwa ndugu zake, jambo lililomwumiza mama mkwe, maana binti huolewa ili alete mtu nyumbani, siyo apotee. Mama mkwe hakuniuliza sababu. Nadhani mke wangu alikuwa amemweleza. Hakunisema nyuma ya ua tena, kwa wema wala kwa ubaya. Watu wa Lukuledi waliopita walituambia kwamba mwanyumba sasa anarusha kwa mkono wa kushoto, na kwamba watu hutoka mbali kumtazama. Nilisikia habari hiyo nikiwa nasokota, na nilisokota mpaka nyuzi zikanikata tena.

Mama mkwe alifariki miaka kadhaa baadaye, Mdachi bado yupo. Wakaja, mwanyumba na mkewe na watoto wawili. Tulisalimiana kwa mkono, na kile kidole kigumu kikanigusa kiganjani. Wakwe ndio wachimbao, basi tulishuka kaburini pamoja, tukachimba bila maneno. Wakati wa kuushusha mwili alisema, "Shika upande wako vizuri, bwana," nami nikashika.

Walikaa siku tatu. Asubuhi ya kuondoka mke wangu aliwasindikiza mpaka mteremko unapoanzia. Nilibaki mlangoni nikiwatazama wakienda, dada wawili mbele, yeye nyuma na mtoto begani. Walipofika kwenye kona niliwasikia wakicheka, wote, na mke wangu akicheka kuliko alivyowahi kucheka nyumbani kwangu mwaka ule. Niliingia ndani nikatafuta kazi ya kufanya.